Mkwe Wangu na Banda la Ndama

Mama mkwe wangu alikufa mwezi wa saba, msimu wa baridi, akiwa mgeni wa shamba la kanisa, na kanisa halikumuua. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo watu mpaka leo wanalisema vibaya lile shamba. Waliomuua nawajua. Nitawataja mmoja mmoja kwa kazi zao. Majina siandiki, maana watoto wao wanaishi na hawana kosa, na mimi mwenyewe nimo kwenye hesabu hiyo. Nimesoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo nikiandika kama ninavyoongea mnivumilie.

Wa kwanza ni mwenye duara. Miaka ile ya dhahabu Nyamongo ilikuwa imetuvuta wote. Ukipita Kenyamonta, kijijini kwetu, mchana unakuta wanawake, wazee na mbwa. Wanaume wote wako kwenye maduara, yale mashimo tuliyochimba wenyewe kwa sururu na tindo, unashuka kwa kamba na tochi kichwani. Kuta za duara zinashikiliwa na magogo, sisi tunayaita matimba. Matimba ya duara letu yalikuwa yameoza, na tulimwambia. Akachukua nyundo, akaligonga gogo moja la juu kabisa, akasema, "Haya yatashika mpaka Krismasi." Yeye humo ndani hakushuka hata siku moja. Alikaa juu kwenye kiti cha plastiki, na kofia.

Aliyempeleka shemeji yangu kwenye duara lile ni mimi. Alikuwa mdogo wa mke wangu, mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa mama yake, na baba yao alishafariki zamani. Nilikwenda kumwomba kwa mama yake.

Hapa lazima nieleze, maana wasomaji wengine si wa kwetu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei uso kwa uso. Hawali pamoja, hawashikani mkono, hawalali chini ya paa moja. Akija njia hii mimi natoka njiani, nainamisha kichwa mpaka apite. Jina langu halitaji, na mimi lake silitaji. Si uadui. Ni heshima, na hata tukiongea Kiswahili tunaliita hivyo hivyo, heshima.

Basi siku ile nilikaa nje ya uzio, yeye akakaa nyuma ya ghala la mahindi, mke wangu akasimama katikati.

"Mwambie mkwe," nilimsikia akisema kule nyuma, "huyu ndiye aliyebaki kwangu. Akimchukua, amrudishe."

Mke wangu akanigeukia kana kwamba mimi ni kiziwi. "Mama anasema umrudishe."

"Mwambie nitamrudisha."

"Anasema atamrudisha."

"Nimesikia," mama akajibu.

Duara lilianza kulia, matimba yakipasuka, asubuhi moja baada ya mvua ya siku mbili. Chini tulikuwa wawili, mimi na shemeji, na kamba ilikuwa moja. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba likitokea la kutokea, mdogo atatangulia kupanda. Kamba niliishika mimi. Nilikuwa nimefika katikati udongo ulipotushukia. Mimi ulinibana kuanzia kiunoni kwenda chini, nyonga ikavunjika, na mguu wa kushoto. Yeye ulimfunika.

Nilimrudisha kweli. Pikapu moja ilitubeba wote, mimi nimelala upande huu, yeye upande ule ndani ya turubai.

Watu walipokuja kuniona nilisema nilikuwa namvuta. Nilisema nilimshika mkono ukaniponyoka. Sijui lilitoka wapi neno hilo, lakini nililisema mara ya kwanza, na ya pili likawa rahisi, na baadaye hata mimi nikawa naona ule mkono. Waliokuwa juu ya shimo waliona nani alikuwa kwenye kamba. Sina shaka walimwambia mama yake. Mke wangu naye nadhani aliambiwa. Hakunigombeza. Alifunga vitu, akachukua watoto, akavuka kwenda kwa shangazi yake Kenya, upande wa Migori.

Wa pili kwenye hesabu ni kaka zangu wawili. Walinitunza mwezi mmoja. Halafu pakasikika kwamba kuna mwamba mpya wa dhahabu umeonekana, wakaniachia debe la mahindi ambayo siwezi kwenda kuyasaga na ndoo ya maji ambayo siwezi kuijaza tena. Mchungaji wa kanisa ndiye aliyenikuta. Aliingia kusalimia tu. Akatoka, akarudi na gari.

Shamba lenyewe liko juu, upande wa Tarime. Kule ikifika mwezi wa sita ukungu unashuka alfajiri na mpaka saa tano bado umekaa, halafu yanakuja manyunyu ya baridi na upepo unaotafuta mifupa. Wanawake wa kanisa walikuwa wanalima pale mahindi na maharage na kufuga ng'ombe, na kila msimu wa baridi wanakusanya watu wasio na mtu. Miaka ile walikuwa wengi. Dhahabu ilikuwa imechukua vijana, wazee wamebaki na nyumba zinazovuja. Unakaa mpaka mwezi wa tisa, joto likirudi unarudi kwenu na mbegu kidogo. Si kwamba unakaa bure. Mwenye mikono anapukuchua, mwenye macho anachagua maharage, asiye na vyote viwili anaimba.

Tulilala kwenye bani la zamani, jengo la kukaushia tumbaku. Walioligundua hilo walikuwa na akili, maana bani lina kuta nene za udongo na mlango mmoja tu, halina madirisha, na joto likiingia haliondoki. Katikati paliwekwa pipa lililokatwa, ndilo jiko la moto, haukuzimwa usiku na mchana. Wanaume huku, wanawake kule, katikati pazia la magunia yaliyoshonwa. Mahali pangu palikuwa pa kwanza kutoka kwenye moto. Nilipewa na mama mlezi aliyetutunza, mwanamke wa kutoka Bukoba, mwema kuliko watu wengi niliowahi kuwaona. "Huyu aliumia akimwokoa mwenzake," aliwaambia wengine. "Mpisheni karibu na moto." Walinipisha.

Mama mkwe alifika katikati ya mwezi wa sita, saa tisa alasiri, kwenye bodaboda, manyunyu yanaanguka. Nilikuwa ndani karibu na mlango, napukuchua mahindi. Niliona kwanza miguu. Miguu ya mtu mzima unayemheshimu unaijua, maana ndicho unachoangalia miaka yote. Niliinamisha kichwa. Miguu ikasimama kizingitini. Halafu ikarudi nyuma hatua mbili, nje, kwenye maji.

"Karibu bibi, ingia ndani," mama mlezi alisema. "Unalowa."

"Humo siingii."

"Kuna nini humo?"

Nilimsikia akivuta kanga. "Kuna heshima," alisema.

Mama mlezi wa watu, yeye si wa kwetu. Alisikia heshima ya kawaida, ya viti vya mbele. Akamshika mkono. "Heshima ni yetu sote, bibi. Hata wewe unastahili. Mbele ya Mungu hapa hakuna mkubwa wala mdogo."

"Nimesema siingii, mwanangu."

Mle ndani kulikuwa na mzee wa mkono mmoja, mkono mwingine ulikatwa na mashine ya kusaga. Alikuwa mcheshi, tulikunywa uji kwa maneno yake. Akapaza sauti, "Bibi, ingia! Hatung'ati. Meno yenyewe hatuna!"

Watu wakacheka. Lakini yule mzee alikuwa Mkurya kama sisi, na neno heshima alilisikia vizuri. Akatazama huku na huku. "Jamani," akasema, "humu kuna mkwe wa mtu? Mwenye mkwe hapo nje aseme."

Nataka mwelewe jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilitakiwa kusema neno moja: wangu. Hakuna ambaye angenilaumu. Wangeniinua, wangenipeleka stoo ya mahindi, mama angeingia kwenye moto, yamekwisha. Yeye hakuweza kusema. Hawezi kunitaja, hawezi kuninyooshea kidole. Anayepisha ni mdogo, na yeye alikuwa amesimama pale kwenye manyunyu anamngoja mdogo apishe.

Niliwaza sakafu ya saruji ya stoo, na nyonga. Hilo la kwanza. La pili niliwaza wakijua ni mkwe wangu watamuuliza habari za mwanawe, na yeye anajua nani alikuwa kwenye kamba. Nikaendelea kupukuchua.

"Mura, wewe je?" mzee akanigonga bega. Mura kwetu ni kijana.

"Mimi mkwe wangu yuko Kenya," nikasema.

"Basi labda ni wangu mimi! Nimeoa mara nyingi, wengine nimewasahau."

Bani zima likacheka. Nilicheka kuliko wote.

Wa tatu ni msimamizi wa shamba, mzee wa kanisa, mtu wa funguo. Mama mlezi alitaka yule bibi alale jikoni, kwenye majivu ya moto. Msimamizi akakataa, jikoni kuna sukari na chumvi ya wagonjwa, panafungwa saa kumi na mbili, ndiyo sheria. Stoo nayo je? Stoo ni ya wanaume wakizidi, mwanamke haruhusiwi. Basi likabaki banda la ndama, lenye paa la nyasi na kuta za fito, upepo unapita kama kwenye chekecheke. Akapewa blanketi mbili. Kesho yake msimamizi akaja kuchukua moja, akasema blanketi za wafadhili ni za vitanda vya bani, anayekataa kitanda anakataa na blanketi yake. Nilikuwepo. Niliiona ikirudi, ikakunjwa, ikawekwa kwenye rundo la ziada. Rundo hilo lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, nililiegemea.

Wiki zikapita hivyo. Mchana mama alitoka na ndama, anawachunga pembeni mwa shamba, amejifunga kanga mbili na gunia mabegani. Mimi nikimwona mbali nageuza magongo yangu, natoka njiani, nainama mpaka apite. Mama mlezi aliniona nikifanya hivyo akanisifu mbele za watu, tazameni mtu huyu anavyoheshimu wazee. Heshima yangu ilikuwa kamili. Haikupungua hata kidogo.

Msidhani sikujaribu lolote. Siku moja, mama akiwa machungani, nilijikokota na kuni tano nzuri kavu nikaziweka mlangoni mwa banda. Niliporudi kwenye moto nilijisikia vizuri mpaka jioni. Kesho yake kuni zilikuwa pale pale. Nani atawasha moto kwenye banda la nyasi lenye ndama? Hata msaada wangu ulikuwa wa mjinga.

Mwezi wa saba ukaja na kikohozi. Tulikisikia tukiwa bani, kikitoka banda la ndama, saa za uji, kikavu. Mama mlezi akaja kukaa karibu yangu na kikombe chake.

"Baba, wewe ni wa Kenyamonta," akasema. "Bibi naye nimeambiwa ametokea huko huko. Unamjua?"

"Simjui."

"Hata ukoo wake?"

"Kenyamonta ni kubwa, mama."

Akanywa uji. "Ajabu. Kila asubuhi nikimpelekea chakula ananiuliza, yule mwenye mguu amekula? Nikisema amekula, ndipo na yeye anakula."

Nikapiga funda moja la uji. "Wazee wana huruma," nikasema.

Najua mnachowaza. Habari ya Petro kumkana Yesu penye moto nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi, na kila ikihubiriwa naona watu wawili watatu wananigeukia. Petro alilia jogoo alipowika. Pale shambani tulikuwa na majogoo manne, yaliwika kila siku, na mimi nilikuwa nakunywa uji.

Manyunyu yakashika siku tatu mfululizo bila kuacha. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama mlezi alikwenda banda la ndama akamkuta mama hawezi kusimama. Kwa mara ya kwanza nikamsikia mama mlezi akipiga kelele. Akaita wanaume wawili wa kanisa waliokuwa wakitengeneza uzio. "Mbebeni! Mpelekeni ndani kwenye moto, atake asitake. Nimechoka na ukaidi huu, atanifia!"

Nikamsikia mama mkwe akikataa. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inakataa. Alishika nguzo ya banda, wakambandua vidole. Walikuwa wanakuja. Mlango ni mmoja, na mimi niko ndani, na magongo yangu yako upande wa pili wa pipa. Ndipo nilipoona wanachotaka kufanya. Wanamleta mama mkwe wangu mikononi, kanga imemvuka, kichwa wazi, wanamlaza mbele yangu. Aibu hiyo alikuwa ameikimbia mwezi mzima kwa kulala na ndama, na sasa anailetewa kwa nguvu na watu wema.

Nikapiga kelele. "Msimwingize! Msimwingize, ni mkwe wangu!"

Sasa sikilizeni. Wale wabebaji wawili walikuwa Wakurya. Waliposikia neno hilo walisimama pale pale, kama nimewatolea panga. Hawakuvuka kizingiti. Wakamshusha chini, nje, kwenye matope, wakageuza nyuso. Neno ambalo mwezi uliopita lingemwingiza ndani, nililitoa saa ambayo lilimzuia nje.

"Mnafanya nini?" mama mlezi alikuwa analia. "Analowa maji! Mnafanya nini?"

"Mama, haiwezekani," mmoja akamwambia. "Mkwe wake yumo. Mpaka yeye atoke."

"Si atoke basi!"

Kutoka nako. Mguu haukunyanyuka. Nilitambaa, nikaanguka, wanawake wakaning'oa pale kwa makwapa. Yule mzee wa mkono mmoja hakuwa na utani tena. Alilivuta pazia la magunia kwa mkono wake mmoja mpaka kamba ikakatika, akanifunika kichwa hadi miguuni kama maiti. Wanawake wakashika kanga nne wakamzungushia mama. Nikapitishwa mlangoni nimefunikwa, naye kazungushiwa, tukapishana karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kwa mtu aliyelala kwenye matope na kichomi, zilikuwa nyingi.

Walipofika stoo wakaniweka sakafuni. Mzee akanifunua.

"Mura," akasema, "nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mbele ya watu wote, na ukacheka."

Akatoka. Msimu mzima uliobaki hakuongea na mimi tena, na namshukuru, maana wengine waliongea.

Mama alilala kwenye moto siku ile na usiku wake, mahali pangu pa kwanza kutoka kwenye pipa, kwa sababu kwingine hakukuwa na joto la kutosha. Kwa siku moja alipata alichotakiwa kupata tangu mwezi wa sita. Mama mlezi aliniletea uji stoo, hakukaa. Nilimwambia yote, ya kamba pia. Alisimama na kikombe mkononi mpaka nikamaliza, akasema, "Nilikuwa nawaambia watu wakupishe," akaondoka.

Gari la kumpeleka hospitali lilipatikana asubuhi iliyofuata. Nilisikia injini, nikasikia wanawake wakimtoa. Nikageukia ukuta, maana njia ya gari inapita mbele ya stoo. Halafu mama mlezi akaja mlangoni.

"Nimetumwa," akasema. Aliyasema bila kunitazama, kama mke wangu alivyosimama katikati siku ile. "Anasema, mwambie mkwe mimi natoka. Aingie apate moto."

"Mwambie..." nikaanza.

Alingoja. Nilikuwa na mengi ya kumwambia mtu yule: kamba, turubai, mtoto wake. Hakuna lililotoka ambalo mtu angeweza kutumwa nalo.

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Gari likaondoka. Alifariki njiani, kabla ya lami. Habari hiyo ilitufikia mchana, lakini mimi ninayoiandikia karatasi hii ni saa ile kabla ya habari, gari likiwa bado linasikika likishuka kilima. Mwenye duara alikuwa kwake, kaka zangu kwao, msimamizi alikuwa na funguo zake. Mimi nilichukua magongo. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenikaribisha. Niliingia bani, nikakaa mahali pale, na pale chini palikuwa bado na joto lake.